Mwisho Niliouchoma

Shituru, Jumamosi, saa nane mchana

Ngalula, mwanangu,

Usishtuke. Ni mimi mama yako, na hilo ni jina lako. Najua sijakuita hivyo tangu ulipokuwa na miaka saba. Nilianza kukuita Solange, jina lako la ubatizo, mpaka majirani, walimu na hata baba yako wakafuata, na mwisho wewe mwenyewe ukasahau kuitika lile lingine. Leo nimetaka kuliandika na mkono umekataa. Utaona hapo juu nilipofuta mara mbili.

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Ninyi mkianza kuimba hamjui kumaliza, kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Kantini yako, sanduku lile la bati, iko hapa mbele yangu, imefungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lilikufa. Mambo ya kula, ya kulala na ya kuchagua marafiki nimekuimbia wiki nzima, nawe umeitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ile ya mtu asiyesikiliza. Sitayarudia. Nataka kukuambia juu ya ile kaye, daftari langu la shule.

Jana ulidhani niko nyuma ninaanua nguo. Nilikuona dirishani. Uliifungua kaye yangu mezani, ile ya jalada la kijani, ukapiga picha kurasa za mwisho kwa telefone, moja moja, ukizinyoosha kwa kiganja. Nilipoingia hukuificha.

"Mama, minye nakwenda nayo Lubumbashi," ulisema. "Ule mama batamupa zawadi ingine, mbele ya bantu na batoto ba masomo. Nitasimama mule mu sale, nitaonesha bantu bote. Bayue nani alikwibaka."

Nikakuuliza kama umekwisha kutuma zile picha kwa mtu.

"Bado. Rezo iko mubaya. Nitatuma nikifika."

Namshukuru Mungu kwa mtandao mbovu wa Shituru. Nilisema "bon", sawa tu, nikaenda kukata mboga, lengalenga, na niliikata ndogo sana mpaka ukaniuliza kama tunapika supu.

Wewe unaijua hadithi hii kwa ufupi. Mama yako alitunga hadithi ya watoto alipokuwa msichana. Rafiki yake akaichukua, akaitoa kitabu kwa jina lake, akawa mtu mkubwa. Mama akamshika mbele ya watu, akaleta kaye, na yule akakiri. Nimekuacha uijue hivyo kwa miaka kumi na moja. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine niliiandika mwenyewe, kwa kalamu, hapa hapa mezani.

Nianze na benchi. Mimi na Ngalula yule mkubwa, mwenye kitabu, ambaye wewe una jina lake, tulikaa benchi moja pale lise, sekondari ya masista, miaka yote ya kujifunza ualimu. Yeye wa kwanza, mimi wa pili. Kila muhula. Ukitaka kujua wivu ni kitu gani, usiwe wa mwisho darasani; kuwa wa pili. Wa mwisho analala vizuri. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Nilikula kwao kuliko kwetu, na mdogo wake, Ntumba, nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Lakini alama zikisomwa, nilisikiliza zake kabla ya zangu. Akikosa hesabu moja, siku yangu ilikuwa nzuri.

Nilimshinda kwa vitu viwili tu. Cha kwanza ni mwandiko. Masista walitufundisha kuandika kwa mviringo mzuri, na mimi niliweza kuiga mkono wa msichana yeyote wa darasa letu hata mwenyewe asijue. Shika hilo, litarudi. Cha pili ni kutunga.

Mwaka wa mwisho tulipewa kazi ya kutunga hadithi ya kuwasomea watoto wa darasa la kwanza. Wewe hukuisikia sirene ya kiwanda ilivyokuwa ikilia zamani. Ilikuwa saa ya mji mzima. Ikilia, baba anaamka. Ikilia, mama anaweka maji ya unga wa bukari motoni. Ikilia tena, watoto tunakimbilia njiani kumpokea baba. Basi nikatunga habari ya msichana mdogo ambaye asubuhi moja anaamka na kukuta sirene imenyamaza na mji wote umelala, hata majogoo. Anatoka peke yake kwenda kuitafuta sauti ya sirene. Anauliza bomba la moshi, anauliza reli, anauliza mto Lufira pale Koni unapopita kwenye mitambo ya umeme. Mwishoni anaipata, sirene inalia, baba anarudi nyumbani. Niliandika yote katika ile kaye ya kijani. Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa nzuri sana. Ngalula aliipenda hata akaikariri, na tukitoka shuleni alikuwa akiisema kwa sauti barabarani, akiifanyia na mikono, wapita njia wakitucheka.

Kwa kazi ile nilikuwa wa kwanza. Siku ile moja tu, na bado ninaikumbuka nguo niliyovaa.

Kisha ukaja mwaka ule ambao watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa. Umesikia habari zake nusu nusu; wakubwa hawapendi kuzieleza, na mimi sitazieleza zote. Baba yake Ngalula alifanya kazi kiwandani tangu ujana wake, na watoto wake wote walizaliwa hapa Likasi. Walitolewa nyumbani, wakakaa gare pamoja na wengine wengi wakingoja treni, wiki baada ya wiki, juu ya sakafu na chini ya mvua.

Kutoka kwetu mpaka gare haikuwa safari ya kuchosha mtu. Sikwenda. Baba yangu alisema ni hatari, na ilikuwa hatari kweli, lakini wasichana wengine wa darasa letu walikwenda na unga kichwani. Mimi nilijiambia nitakwenda kesho. Nilijiambia hivyo mpaka treni ikaondoka.

Na hili sijamwambia hata padri. Shule ya kampuni yenye kiwanda ilikuwa imeweka nafasi moja kwa mwalimu mpya, kwa yule atakayekuwa wa kwanza katika darasa letu. Wa kwanza hakuwepo tena. Wakamwita wa pili. Nilimlilia rafiki yangu, nililia kweli, na jioni ile ile nilipiga pasi blauzi nyeupe huku ninaimba. Meza ninayofundishia mpaka leo, ile uliyokuwa ukijificha chini yake ukiwa mdogo, ilikuwa yake.

Ulipozaliwa, miaka mingi baadaye, nilikupa jina lake. Watu wakauliza, "Ngalula iko nani mu famii yenu?" Nikasema ni rafiki. Unajua desturi yetu: mtu ukichukua jina lake, huyo ni majina yako. Anakuita majina, unamwita majina, na hata akiwa mzee na wewe mtoto mnataniana mkiwa sawasawa. Mlango wake hauwezi kufungwa kwako. Nilidhani nikimpa hilo nitakuwa nimekwenda gare. Wakati ule alikuwa amerudi Katanga, anafundisha Lubumbashi. Alituma kitenge, viatu vidogo vyekundu, na neno moja kwenye karatasi: "Majina yangu avae." Ulivivaa mpaka kidole gumba kikatokeza mbele.

Kisha akatoa kitabu.

Alikileta mama mmoja mwenye mtoto katika darasa langu, akidhani ananifurahisha. Kwenye jalada kulikuwa na msichana mdogo na bomba la moshi. Nilikisoma nimesimama uani. Bomba la moshi, reli, Lufira, hata majogoo waliolala, yote yalikuwa mle. Jina langu halikuwemo, mbele wala nyuma, hata kwa herufi ndogo. Mpaka hapo hasira yangu ilikuwa ya haki, na nikikumbuka bado ninakasirika. Alikosa. Usije ukaisoma barua hii ukadhani ninasema hakukosa.

Lakini nikafika mwisho. Katika kitabu chake sirene hairudi. Msichana anarudi mjini mikono mitupu, anachukua sahani ya bati na kijiko, anaanza kugonga mlango wa kwanza. Jirani anaamka, naye anachukua sahani, anakwenda kumgongea mwingine. Mlango kwa mlango, mji unaamka wenyewe, na baba anakwenda kazini akiwa ameamshwa na mtoto wake.

Nilikaa chini pale kwenye ngazi ya jikoni. Watu wote wanadhani kilichoniuma ni kuibiwa mwanzo. Kiliuma. Lakini mwanzo ulikuwa wangu, ningeweza kuudai siku yoyote. Kilichonichoma ni kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hata pale mahali pamoja nilipokuwa wa kwanza, alikuja akapachukua, na akastahili.

Kitabu kikapata zawadi. Kikasomwa Ulaya. Akawa anasikika redioni, nami nilikuwa nikizima redio, kisha ninaiwasha tena kwa sauti ya chini nisikie anachosema. Nilijua miji aliyokwenda kuliko mumewe. Baba yako akirudi kutoka kazini Kakanda mwisho wa wiki alikuwa akinikuta ninamsema tu, na siku moja aliniambia, "Monga, ule mama anaikala huku ku nyumba yetu, njo sababu nakosa nafasi?" Sikucheka.

Ndipo akaja Likasi kuwasomea watoto kwenye sale, ule ukumbi wa parokia. Nilikwenda nimekushika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kukaa nyuma na kuondoka mapema. Lakini alikuona, akauliza jina lako, na uliposema Ngalula alipiga makofi. "Majina," akakuita. Akakupakata, akafungua kitabu, akaanza kusoma. Mwanangu, kwenye magoti yake, mbele ya mji mzima, ukicheka kwa hadithi yangu. Sidhani kama ningesimama kwa ajili ya kitabu peke yake. Nilisimama kwa ajili ya magoti yale.

"Hii adisi ni yangu," nilisema. "Minye njo niliandikaka, ku lise. Ule mama alikwiba."

Ngalula alikushusha taratibu, akasimama.

"Monga, iko kweli. Mwanzo ni yako," akasema. "Nilikosa. Niliogopa kukuuliza, juu ungekatala. Nitaandikisha jina yako ku kitabu, mbele ya yangu."

Angalia, mwanangu, mahali nilipokuwa. Alikuwa amekiri mbele ya watu. Alikuwa ananipa jina langu, na kuliweka mbele. Ningekubali pale, leo tungekuwa na kitabu kimoja chenye majina mawili, na wewe ungekuwa umekulia kati ya nyumba mbili. Lakini nilimtazama, na lile gauni lake, na utulivu wake, na nikaona hata kukiri anakiri vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nikasema:

"Hapana mwanzo tu. Yote. Mpaka ku mwisho. Iko mu kaye yangu."

Padri akasema nilete kaye Jumapili ifuatayo, baada ya misa, tukae ofisini tuone.

Sasa unaelewa ninakokwenda. Kaye ilikuwa na mwisho wangu, sirene inalia na baba anarudi. Kama ningeipeleka hivyo, kila mtu angeona kwamba mwisho wa sahani si wangu. Wiki ile, mchana mmoja wewe ukiwa kwa jirani, niliupasua ukurasa wangu wa mwisho nikautia kwenye makaa ya mbabula, chini ya maharagwe. Ulishika moto upesi. Kisha nikafungua kitabu chake upande wa kushoto na kaye upande wa kulia, nikanakili. Kurasa nne. Niliandika kwa mkono wangu wa miaka kumi na minane, ule wa masista, wenye mviringo. Nilichagua kalamu iliyokuwa inaelekea kuisha ili wino uwe hafifu. Niliiacha kaye juu ya bati la jiko siku tatu ikipigwa jua, kisha nikaipitisha kwenye moshi. Miaka yote nimefundisha kwa kunakili, unajua tunavyofanya: kitabu ni kimoja, mwalimu ananakili ubaoni, watoto wananakili kwenye kaye, na hakuna anayeuliza aliyeandika ni nani. Sijawahi kunakili kitu kwa uangalifu kama zile kurasa nne. Na maharagwe yale tulikula, wewe ukaomba tena.

Hizo ndizo kurasa ulizopiga picha jana.

Jumapili ile, ofisini kwa padri, Ngalula aliisoma kaye mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anatabasamu, midomo inacheza, maana aliijua kwa moyo. Alipofika kwenye zile nne alisimama. Akarudi nyuma mstari mmoja. Akaweka kidole kwenye neno "kijiko", akakiacha pale. Kisha akafunga kaye, akamwambia padri:

"Ni kaye yake, ni mukono yake. Adisi ni yake yote. Minye njo nilikosa."

Nilitoka pale mshindi. Alinikuta nje, kwenye ukuta wanapoegesha baiskeli. Hakupaza sauti.

"Monga, ile kupiga sahani ilikuwa ya Ntumba," akasema. "Ku gare. Batoto balikuwa banalala sana asubui, banakosa nguvu ya kuamuka. Ntumba alikamata sahani na kijiko, anapita ku famii moja moja, anapiga, bantu baamuke, bajionane kama bote biko. Kila asubui. Kisha asubui moja yeye hakuamuka." Akanirudishia kaye. "Weye ulimubebaka ku mugongo. Basi, ikuwe yako."

Sikujua kwamba Ntumba alikufa. Tangu treni ile iondoke sikuwa nimeuliza habari zake hata mara moja. Kaye yangu ilikuwa na tarehe kwenye jalada, ya lise, kabla ya gare. Ngalula alijua kwamba sahani ile isingeweza kuwemo. Kama ningekwenda gare hata siku moja ningejua ilikotoka, na ningekuwa mwizi mwenye akili zaidi kidogo.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wa pili. Aliwaandikia waliochapa, kitabu kikaacha kuuzwa. Wakamwita mwizi wa hadithi, na watu wengine mpaka leo wanamwita hivyo. Mimi nilipokea pongezi. Sokoni waliniongezea nyanya. Waliochapa waliniandikia wakiuliza kama ninataka kitabu kitoke upya kwa jina langu; sikuwajibu, na nikawaambia watu kwamba mimi si mtu wa kujionyesha. Hilo pia walinisifia.

Kwa nini alinyamaza? Nimeuliza swali hilo kuliko nilivyosali. Labda hakutaka kumleta Ntumba mezani kwa padri awe ushahidi. Labda aliona kwamba na yeye alianza kwa kuchukua. Labda alinionea huruma, na hilo ndilo linaniuma kupita yote, kwa sababu ina maana hata siku ile tulikuwa benchi moja, na yeye alikuwa wa kwanza.

Aliendelea kuandika. Umeona mwenyewe alikofika. Na kila kitabu alichotoa alikituma hapa, kwa mkono wa wasafiri, kimeandikwa ndani: "Kwa majina yangu." Ni vitano. Sikukupa hata kimoja. Nilivificha chini ya vitenge vyangu vya arusi, nikawa ninavisoma peke yangu, na kalamu nyekundu mkononi, ya kusahihishia. Nilitafuta makosa. Katika vitabu vitano nilipata koma mbili na sentensi moja ndefu mno. Nimevitia ndani ya kantini yako, chini ya sweta. Utaona alama zangu nyekundu. Usimwonyeshe, au mwonyeshe, atacheka, namjua.

Kuna na barua yake. Ilifika mwezi uliopita. Alisikia kwamba umepata nafasi ya kusoma Lubumbashi, na anasema chumba kipo kwake. Nilikuambia hakuna aliyetuandikia. Utalala kwa shangazi yako kama tulivyopanga kama ndivyo unavyotaka, lakini barua iko ndani ya kitabu cha kwanza, na sasa wewe ndiye unayechagua.

Nakuomba jambo moja kwa nguvu: usitume zile picha. Futa. Si kwa ajili yangu. Mimi ninaweza kukaa na aibu, nimeizoea upande wa ndani, nitaizoea na upande wa nje. Lakini ukisimama katika sale ile na zile kurasa, utakuwa unampiga mtu kwa sahani ya mdogo wake, na utakuwa umefanya hivyo kwa kuniamini mimi. Kama unataka kusimama, simama na barua hii. Isome. Nimeiandika kwa mkono wangu wa leo, wenye vidole vya baridi yabisi, ili mtu yeyote aone tofauti.

Sikuambii usiwe na wivu. Wewe ni mwanangu, nimeuona. Nilikuona ulivyomtazama yule mwenzako wa kwaya siku alipopewa kuimba peke yake. Hata mkono wako ulishindwa kupiga makofi vizuri. Nilikuelewa kuliko unavyofikiri, na nilikuonea uchungu. Wivu ukianza kukuuma, mwambie mtu mapema, hata akucheke. Nipigie mimi. Mimi wa kwangu niliufungia ndani ukakua kimya kimya, mpaka siku moja ukashika kalamu.

Na sasa nikuambie kilichonifanya nikae hapa kuandika badala ya kungoja nikuambie kwa mdomo. Jana baada ya kukuona na telefone, nilijaribu kuikumbuka sentensi yangu ya mwisho, ile niliyoichoma. Najua kinachotokea: sirene inalia, baba anarudi. Lakini maneno hayaji. Nimejaribu usiku, nimejaribu asubuhi nikipiga deki. Nina kurasa nne za mwisho wa Ntumba kwa mwandiko mzuri, na wangu mwenyewe sina. Nimebadilisha kitu kizuri nilichokuwa nacho kwa kitu kizuri kisicho changu, na nimebaki bila vyote viwili.

Duniani yuko mtu mmoja tu aliyeikariri. Alikuwa akiisema barabarani, akiifanyia na mikono.

Nenda kwake. Mpelekee kaye, nimeiweka juu kabisa, na zile kurasa nne nimezikunja kwa ndani ajue kwamba najua. Mwambie ni za Ntumba, zirudi kwao. Usiniombee msamaha, hilo ni langu, nitapanda basi mwenyewe nikishapata nguvu ya miguu. Mwombe tu akuambie hadithi ya mama yako iliishaje. Usiiandike haraka. Mwache aseme yote, na mikono, kisha uiandike vizuri unitumie.

Kengele ya parokia imelia, na sauti zenu zimenyamaza, nadhani sasa mnalia na kukumbatiana. Nitaiweka barua hii juu ya shuka lako. Utakaponipita kesho asubuhi usiseme kitu kama huwezi. Niite tu mama, nitajua umesoma.

Nina wivu bado, Ngalula. Nimeandika kurasa zote hizi na haujaondoka. Ninakuona mezani kwake, anakukatia mkate, anakuita majina, unacheka kama ulivyocheka siku ile kwenye magoti yake. Utampenda. Mimi nilimpenda, na haikunichukua hata muhula mmoja. Ukimpenda, usiniambie upesi.

Mama yako,
Monga